Ukungu Uliokuwa na Uzito

Mlango unaofuata wangu, pale Mbugangari, mjini Gisenyi, ninapouza vitenge, kuna sekretaria ya Mama Belise, yaani ofisi ya kuchapa. Ni chumba kimoja tu: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi inayokohoa kama mzee, skana, na benchi la kungojea ambalo siku za Jumatatu halitoshi watu. Jina lake hasa ni Verediane. Tumegawana chai na umeme kwa miaka mingi, na haya ninayoyasimulia alinieleza mwenyewe, kidogo kidogo, mengine huku akikunja karatasi, mengine akifunga mlango jioni.

Alizaliwa Goma, mtaa wa Birere, kwa wazazi Wanyarwanda waliohamia huko zamani. Kuchapa alifundishwa na masista, kwenye mashine ya chuma yenye herufi ngumu za kuvunja vidole. Katikati ya miaka ya tisini familia yao ilirudi upande huu wa Rwanda. Haikuwa safari ndefu, maana Goma na Gisenyi ni kama vyumba viwili vya nyumba moja vilivyotenganishwa na kizuizi. Aliolewa na Théogène, fundi wa pikipiki, akazaa watoto, na kompyuta zilipofika mjini alikuwa kati ya wa kwanza kukaa mbele yake bila kuogopa.

Watu humfuata kwa ajili ya picha. Ukitaka mwaliko wa harusi, ripoti ya ushirika au kitabu cha kumkumbuka marehemu, wengine watakuchapia pia, lakini kwao bibi harusi hutoka na uso wa uji. Verediane hakubali. Kila mteja anayemtumia picha kwa simu husikia maneno yale yale: "Tuma kama dokima, hapana kama picha. WhatsApp inakula sura ya mutu."

Shida ya pili ni kinyume cha hiyo. Picha nzuri ni nzito, na dokima, yaani faili, yenye picha nzuri nyingi huwa nzito mpaka haifunguki, sembuse kutumwa kwenye kiwanda cha uchapaji cha Kigali, ambacho hukataa faili likizidi kiwango chao. Kwa hiyo kazi yake kubwa ni kupunguza: hapa kidogo, pale sana, mpaka kitabu kipite mlangoni bila kupoteza macho ya mtu. Amefanya hivyo kwa miaka, na sasa mkono wake unajua uzito wa picha kabla hajaiangalia. Siku moja alinieleza hivi: ukipiga picha ya ukuta mweupe, haina uzito, kwa sababu mashini haina cha kukumbuka. Ukipiga picha ya harusi, na majani, na watu, na nguo za maua, mashini inakumbuka kila kitu, nayo inakuwa nzito.

"Donc ukuta ni nyepesi, watu ni mzito," alisema. "Ni vile tu."

Nilicheka. Sikujua kwamba maneno hayo yatakuja kunikosesha usingizi.

Mwaka juzi, mvua zilipoanza, alikuja mzee mmoja wa mtaa wa Nengo anayeitwa Kimenyi. Alikuwa afisa wa forodha hadi alipostaafu. Alikulia Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wake walikuwa wakimbizi, na mpaka leo Kiswahili chake ni cha huko, kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Alikuwa na flash mkononi.

"Shikamoo ni yako kwa sababu ya kazi, ingawa mimi ni mkubwa," alimtania Verediane. Kisha akakaa. "Mama Belise, mama yetu Niyigena anatimiza mwaka tangu atutoke. Tutafanya misa, na tunataka kila mgeni aondoke na kitabu kidogo cha picha zake. Mjukuu wake Cyuzuzo, aliye Kigali, amekipanga vizuri kwenye kompyuta. Lakini kiwanda kimekirudisha. Wanasema kizito."

"Leta nione, mzee. Hiyo ni kazi yangu."

Alipoondoka, Verediane alifungua dokima ile. Ilichukua muda kuja. Kurasa za mwanzo zilikuwa za kawaida: Mama Niyigena kijana, amesuka, amesimama mbele ya nyumba ya tope Karagwe, Mama Niyigena na watoto wake watatu, Jovia, Kimenyi na kitindamimba Ganza, harusi ya Jovia, watu wamejaa mpaka pembeni. Sehemu ya mwisho ilikuwa na kichwa, "Asubuhi za Bibi", na humo kila ukurasa ulikuwa na picha moja kubwa ya Ziwa Kivu kwenye ukungu.

Cyuzuzo alikuwa ameandika maelezo mafupi. Bibi yake alikuwa na desturi ya kushuka kila asubuhi hadi kwenye ukuta mfupi wa mawe, chini ya nyumba yao, na kuketi akitazama maji. Alipopewa simu yenye kamera, alianza kuyapiga picha. Kila asubuhi moja. Hakumwonyesha mtu. Walizikuta kwenye simu baada ya kufa kwake.

Picha zenyewe hazikuwa na kitu. Mawe machache mbele, ukanda wa maji, kisha weupe mpaka juu. Verediane aliona ni bahati, kwani picha kama hizo hazisumbui. Akapanga picha zote kwa uzito ili aanze na zile zenye kuleta taabu, akitarajia harusi ya Jovia juu ya orodha.

Juu kulikuwa na ukungu.

Alidhani amekosea. Akapanga tena. Picha ya ukungu ilikuwa nzito kuliko harusi, kuliko ubatizo, kuliko picha ya familia nzima iliyopigwa chini ya miti. Iliyofuata ilikuwa ya ukungu pia. Na iliyofuata.

Hakuogopa bado. Alijua kwamba kamera ya simu, mwanga ukiwa hafifu, hujaza picha chenga ndogo ndogo kama vumbi, na vumbi lina uzito. Akaikuza mojawapo ya chini kidogo kwenye orodha atafute chenga. Hazikuwepo. Weupe ulikuwa laini kama maziwa.

"Nikasema, bon, kama hakuna kitu, kwa nini unakuwa mzito hivi?" alinisimulia. "We unabeba nini?"

Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu na benchi lilikuwa tupu. Akaichukua nakala ya picha ile, maana hagusi picha ya asili hata siku moja, akaanza kuvuta weusi uongezeke na weupe upungue, taratibu, kama mtu anayefuta dirisha lenye mvuke.

Kwanza ilitokea alama kama ya dole gumba. Alama ikarefuka. Ikapata ukingo ulionyooka. Akavuta tena, na pale kwenye ukungu, mbali juu ya maji, palikuwa na mtumbwi mrefu. Ndani yake watu wameketi kwa mstari, nyuso hazisomeki. Mmoja alikuwa amesimama mbele kabisa, ameelekea ufukweni. Hakupunga mkono. Alisimama tu, kama mtu aliyebisha hodi na anasubiri kufunguliwa.

Verediane alinyanyuka akaja dukani kwangu, akasimama mlangoni mwangu. Nilimuuliza kama umeme umekatika kwake. Akasema hapana. Akarudi.

Jioni Théogène alipompitia na pikipiki, alimwita ndani.

"Angalia hapa. Unaona nini?"

Théogène alipangusa mikono yake yenye grisi. "Pirogi. Iko watu ndani."

"Na hapa, kwenye picha yenyewe?"

"Hapa iko ukungu tu." Akacheka kidogo. "We Vere, kila asubuhi iko wavuvi ku ziwa. Mashine imewaona, jicho halikuwaona. Sasa shida ni nini?"

Maneno yake yalikuwa na akili na yalimtuliza. Basi akafanya lile ambalo mchana hakuthubutu kufanya: akazipanga picha kwa tarehe, akazisafisha moja baada ya nyingine mbele ya mumewe.

Za mwanzo, zilizopigwa simu ikiwa mpya, zilikuwa nyepesi, na hata alipovuta weusi hazikutoa kitu. Ilianza moja iliyokuwa nzito kidogo, na ndani yake mtumbwi ulikuwa mdogo kama mbegu. Iliyofuata, mkubwa kidogo. Kila asubuhi yenye ukungu ulikuwa umesogea. Watu walikuwa wale wale, wameketi vile vile, na yule wa mbele amesimama vile vile. Uzito wa faili ulipanda pamoja nao.

Katika picha iliyotangulia ya mwisho mtumbwi ulikuwa umefika kwenye mawe. Mawe yale yale yaliyoonekana wazi hata bila kusafisha picha, ambayo mtoto angeweza kuyafikia bila kulowesha magoti. Hapo hakuna ukungu unaoweza kuficha mtumbwi. Kwa jicho, mawe yalikuwa peke yake.

Théogène aliacha kucheka. Alisogea nyuma mpaka mgongo ukagusa fotokopi.

"Iko ingine?" aliuliza.

"Moja. Ya mwisho."

"Usifungue."

Lakini alikuwa ameshaona uzito wake. Picha ya mwisho, iliyopigwa asubuhi aliyokufa Mama Niyigena, ilikuwa nyepesi kuliko zote. Aliifungua, akavuta weusi mpaka mwisho, na hapakuwa na kitu. Ukungu, na maji, na mawe. Mtumbwi ulikuwa umekwenda.

Walifunga mlango wakarudi nyumbani, na njiani, alisema, mumewe aliendesha polepole sana, na wote wawili hawakutazama upande wa ziwa.

Alifikiria kunyamaza. Angeweza kupunguza picha zote kwa pamoja, kwa kubonyeza mara moja, na hakuna ambaye angejua. Ila aliona si haki kumfanyia mtu kazi kwenye picha za mama yake huku unamficha kilichomo. Asubuhi akampigia Mzee Kimenyi.

Alikuja akiwa amevaa koti na tai, kama mtu anayeitwa ofisini. Verediane alimwekea kiti, akamwambia, "Mzee, mi sijue namna ya kukuelezea. Angalia tu." Akamwonyesha, kuanzia ile ya mbegu.

Kimenyi alizitazama moja moja. Ilipofika ile ya mawe, alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa tena.

"Bega la kushoto," alisema.

"Mzee?"

"Huyu aliyesimama. Bega lake la kushoto limeshuka. Alianguka baiskeli Karagwe akiwa mdogo, likaungwa vibaya." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilimtisha Verediane zaidi. "Huyu ni Ganza. Mdogo wetu."

Ndipo akamweleza. Miaka michache baada ya familia kurudi Rwanda, Ganza alianza biashara ya kupeleka maparachichi Idjwi, kisiwani. Asubuhi moja yenye ukungu mzito aliondoka na mtumbwi wa abiria, na mtumbwi haukufika. Hawakupata mwili wala ubao. Walipata kidumu kimoja cha plastiki kinaelea. Mama yao hakukubali kufanyiwa kilio. Alisema mtu aliyeondoka kwa mguu wake hafanyiwi kilio, hungojewa.

"Tulidhani anakwenda pale ufukweni kupunga hewa," Kimenyi alisema. "Asubuhi ya mwisho tukamkuta ameketi kwenye ule ukuta, simu mapajani, amelala. Ndivyo tulivyodhani, amelala. Viatu vyake alikuwa amevivua na kuvipanga pembeni. Na pindo la kanga lilikuwa limelowa."

Verediane alitazama mlangoni. Alinieleza kwamba wakati ule alitamani sana mteja yeyote aingie, hata wa kufotokopi kitambulisho.

Aliyeingia mchana ni Jovia, dada mkubwa, ambaye Kimenyi alimwita kwa simu. Ni mwanamke wa kundi la sala, mrefu, mwenye sauti ya kuongoza wengine. Alitazama picha moja tu, ile ya mawe, akaigeuzia mgongo.

"Funga."

"Dada, ni Ganza," Kimenyi alisema.

"Nimekwambia funga! Mama yetu alikufa Mkristo. Wageni watakuja kumwombea, wewe unataka uwape kitabu waseme alikuwa akizungumza na mizimu?" Akamgeukia Verediane. "Mama, wewe si ndiye unayepunguza hizi picha? Ukipunguza, hiki kitu kinabaki?"

Verediane ilibidi aseme kweli. "Nikipunguza sana, hakibaki. Mashini inaangalia kitu kidogo chenye kufanana na kingine, inasema hii na hii ni moja. Inafuta. Hiyo mutu iko karibu rangi moja na ukungu. Ataenda."

"Basi punguza mpaka aende."

Kimenyi alinyanyuka, akafunga koti lake. Kisha akasema hataki ugomvi katika siku ya mama, na kwamba dada yake afuatwe. Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo si tabia yake.

Kazi ile Verediane aliifanya peke yake, adhuhuri, mlango ukiwa wazi na kelele za barabara zikiingia. Alianza na harusi na ubatizo, akizipunguza kwa uangalifu ili macho yabaki. Kisha akafika kwenye ukungu. Kwa kila picha alishusha ubora, akatazama namba ikianguka. Alikuwa amefanya hivyo maelfu ya mara kwa picha za watu asiowajua. Safari hii kila aliposhusha alihisi baridi ikipanda kutoka kwenye vifundo vya miguu, kama amesimama majini. Akafika kwenye ile ya mawe. Akashusha. Akaisafisha nakala iliyopunguzwa ili ahakikishe, na pale aliposimama mtu palikuwa na miraba hafifu ya kijivu, kama vigae vya sakafu, na hakuna zaidi. Akasema "pardon, kaka," kwa sauti, kisha akaona haya na kutazama kama kuna aliyesikia. Mimi nilisikia. Ukuta wetu ni mwembamba.

Kitabu kikapita. Kigali walikichapa vizuri, karatasi nzuri, na siku ya misa kila mgeni alipewa chake. Verediane na mimi tulikwenda. Watu walifungua kurasa za mwisho, wakaona ziwa, wakasema ni mahali pa amani. Mama mmoja aliomba aongezewe nakala kwa ajili ya binti yake aliye Ubelgiji. Jovia alisimama, akatoa shukrani kwa sauti yake ile kubwa, na alipotaja watoto wa marehemu alitaja wawili. Nilimwona Kimenyi akiinamisha kichwa.

Tulidhani imekwisha. Lakini haikupita muda Jovia alirudi sekretaria, peke yake, bila mkoba, amejifunika kitenge kichwani kama mtu anayekwenda hospitali. Alingojea kwenye benchi mpaka wateja wote walipohudumiwa.

"Zile za kwanza," alisema. "Ulizifuta?"

"Sifutake picha ya mutu, mama. Nafanyia kazi nakala. Za kwanza ziko."

Jovia aliketi mbele ya kompyuta. Verediane alimfungulia ile ya mawe na kuisafisha mpaka pale ilipoweza kufika, halafu akataka kutoka ili amwachie nafasi. Jovia alimshika mkono.

"Macho yangu si mazuri. Niambie wewe. Mama alikuwa shambani kila siku, mimi ndiye niliyemlea huyu. Niliyempikia asubuhi ile ni mimi." Akauliza, "Anaonekana ana njaa?"

Verediane aliinama karibu na kioo. Uso haukuwa na kitu cha kusomeka, ni kivuli tu kwenye kivuli. Akatazama kwa muda, kwa heshima, kama anavyotazama picha zote.

"Hapana, mama. Anasimama muzuri. Haonekane kama anaumwa."

"Na baridi? Hakuwa na sweta."

"Iko kitu juu ya mabega. Kama nguo. Mutu mwingine alimupa."

Jovia alilia bila sauti, huku akitikisa kichwa kama anayekubali jambo. Kisha akapangusa uso, akaomba achapishiwe ile picha moja, ile nzito, bila kupunguzwa hata kidogo. Mashine ya Verediane ilikaa muda mrefu ikiivuta, taa ikiwaka na kuzima. Karatasi ilipotoka, kwa jicho ulikuwa ukungu tu. Jovia aliikunja katika kitenge chake akaondoka nayo. Mimi nilipita pale karatasi ikiwa bado mezani, nami nikageuza uso. Sikuomba kuonyeshwa, na Verediane hakunionyesha.

Nasikia sasa kaka na dada wanaelewana. Jovia ndiye aliyependekeza misa ya Ganza ifanyike, na ilifanyika, na jina lake likasomwa.

Mzee Kimenyi amechukua zamu ya mama yake. Asubuhi hushuka mpaka kwenye ukuta wa mawe akiwa amevaa koti lake, anakaa, anapiga picha moja kwa simu. Mwisho wa juma huja Mbugangari na kuziweka, zikiwa kwenye flash, mezani kwa Verediane, naye anajua anachotakiwa kufanya. Hazifungui. Anasoma uzito tu.

"Nyepesi, mzee. Zote nyepesi."

"Sawa. Ahsante, Mama Belise." Na huondoka akionekana, alivyoniambia Verediane, kama mtu ambaye hajui afurahi au asikitike.

Ilikuwa hivyo kwa zaidi ya mwaka. Kisha, kiangazi hiki, siku ambayo moshi wa mashamba ulikuwa umeungana na ukungu na ziwa halionekani kabisa, Kimenyi alileta picha zake, na Verediane aliposoma orodha, mkono wake ulisimama. Moja ilikuwa nzito kidogo. Kidogo tu. Mwingine asingeiona.

Alifikiria kusema "nyepesi" kama kawaida. Mzee alikuwa anamtazama.

"Iko moja," Verediane alisema.

Kimenyi alivuta kiti karibu. "Ifungue."

Verediane alitengeneza nakala, akavuta weusi. Ilichukua muda kuonekana. Ilikuwa alama ndogo kama mbegu ya chia, juu kabisa, mahali ambapo maji na weupe hukutana.

"Ni mbali?" Kimenyi aliuliza.

"Mbali sana, mzee."

"Mbali kuliko ile ya kwanza ya mama?"

Verediane alifungua ile ya mama, akaziweka pamoja. "Mbali kuliko ile. Sana."

Mzee alipumua, akaegemea kiti. Kwa mara ya kwanza tangu Verediane amfahamu, alifungua kifungo cha shingo cha shati lake.

"Basi nina muda," alisema. "Nimalize paa la Jovia. Linavuja."

Alimaliza paa hilo. Nilimwona kwa macho yangu akipita na mabati juu ya mkokoteni, anabishana na mwenye mkokoteni kuhusu namna ya kuyafunga. Bado anakuja kila mwisho wa juma. Verediane bado anamsomea uzito, na siku hizi anamwambia kila kitu kama kilivyo. Kuhusu yeye mwenyewe, ameniambia jambo moja tu: Belise, binti yake, alimtumia picha kutoka ufukweni akiwa na wenzake wa shule, asubuhi, ziwa jeupe nyuma yao. Ni picha nzuri, wanacheka. Ameihifadhi, na hajaangalia ina uzito gani.